Nilivyotega Maji Ukweni

Mkitaka kucheka, subirini kwanza nimalize, maana anayecheka mwanzoni hatabakiwa na pumzi tukifika pabaya, na aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, leo nataka tugawane. Pale soko la Rumonge ninapouzia mawese kuna watu wasiojua kabisa kwamba naitwa Mwajuma. Wanamjua Mama Robine. Anakuja mteja na bidoni lake, dumu tupu la mafuta, na yeye mtu mzima mwenye heshima zake, anauliza, "Mama Robine iko wapi?" na wenzangu wote wananyoosha vidole kwangu bila hata huruma. (Robine ni hilo bomba la maji la nyumbani, lile la kufungua na kufunga. Sisi huku tumelitoa kwenye Kifaransa na tukabaki nalo.) Jina hilo nilipewa siku nilipokwenda kumposea mtoto wangu, na nilitaka sana siku ile iende vizuri, na ndiyo maana ilikwenda ilivyokwenda.

Nianze na robine yangu mimi, la sivyo mtanihukumu bure. Nyumbani kwangu, mtaa wa chini karibu na ziwa, tuna robine moja tu, iko uani, ya shaba, ya zamani, ya kuzungusha. Ukitaka kufungua unazungusha kushoto, ukitaka kufunga unazungusha kulia, na kwa kuwa mpira wake wa ndani umechoka, unazungusha kulia kwa nguvu zako zote, meno umeyauma, mpaka ikome kudondosha. Kwa robine ile nguvu ndiyo elimu. Halafu maji yenyewe yana tabia zake, yanaondoka bila kuaga na kurudi yanapojisikia, kwa hiyo kila mwanamke wa mtaani kwetu anayejiheshimu, akikuta robine imekauka, haifungi. Anaiacha wazi, anaweka beseni chini yake, anaendelea na mambo yake huku sikio moja liko uani. Maji yakirudi yanagonga beseni, na wewe unakimbia na mabidoni yako kabla jirani hajashtuka. Hiyo ndiyo tunaita kutega maji. Na ukiwa mgeni kwa mtu, ukakuta robine yake imekauka, adabu ni kumtegea na yeye, kwa sababu ukiifunga, maji yakaja yakapita yakaenda zake, mwenye nyumba atasema umemfungia riziki. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyomlea Rama.

Rama ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Wazazi wake walitutoka akiwa mdogo hivi, nikamchukua, na tangu hapo yeye ndiye mtoto wangu na mimi ndiye shangazi na mama kwa pamoja. Sasa ni fundi wa mashine za boti za wavuvi, ana mikono inayonuka mafuta na moyo kama maji ya kunywa, na mwaka ule alikuwa amempenda Zuhura, binti wa nyumba nyeupe kule juu, mtaa mpya. Alikuwa hali chakula. Namwekea mukeke wa kukaanga, samaki wa ziwani aliyekuwa akimlilia tangu utotoni, anaugeuza tu kwenye sahani, anautazama jicho, anauacha.

Wanaume walikuwa wameshakutana na kukubaliana, lakini kwetu wanaume wanaweza kukubaliana mpaka midomo ikauke, kama siku ya wanawake haijapita hakuna ndoa. Siku hiyo shangazi wa kijana anakwenda na mwenzake mmoja, anapeleka bangili ya dhahabu, na bibi wa nyumba ile anamuuliza binti aliyekaa nyuma ya pazia kama amekubali. Bibi ndiye anayesikia jibu na bibi ndiye anayelitangaza. Na mama yake Zuhura (mwanamke mzuri, sisemi neno, ila anakutazama viatu kabla ya uso) alikuwa hajaridhika na sisi. Kulikuwa na mwanamume mwingine, wa Bujumbura, wa ofisini, mwenye gari, amekaa anangoja sisi tuteleze. Rama alilijua hilo vizuri. Asubuhi ile alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Shangazi, ninakuomba kitu kimoja. Usiongee sana." Nikamwambia haya. Nikawa natoka, akaniita tena. "Na usiguse vitu vyao."

Kwani mimi ni mtoto?

Nilikwenda na Chausiku, jirani yangu, mwanamke wa maneno machache na vidole vikali vya kufinya. Nilikuwa nimevaa dera jipya la rangi ya maziwa, nimejitanda mtandio wenye nakshi, na kwa kuwa mtu haendi ukweni mikono mitupu nilibeba bidoni la mawese ya kwanza, yale mekundu mazuri, nikalipakata juu ya pikipiki njia nzima. Kizibo kikalegea. Sikujua mpaka tunashuka getini, nikakuta viganja vyangu vyote viwili, mpaka kwenye viwiko, vimekuwa vya rangi ya chungwa, ila dera limepona kwa rehema za Mungu. Ndivyo nilivyoingia nyumba ile, mikono nimeiinua mbele kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Amahoro, karibuni, karibuni sana," alisema Mama Zuhura. Macho yakashuka kwenye viatu, yakapanda, yakakwama mikononi. "Pole, mama. Choo na bafu iko pale mwisho wa koridoo. Nikuitie mutu akuonyeshe namna robine zetu zinafunguka? Bwana alizileta kutoka Dubai, wageni wengi zinawasumbua."

Hapo ndipo penyewe. Ningejibu "ndiyo, murakoze," yaani asante, ningeonyeshwa, ningenawa, ningerudi, Rama angeoa, na ninyi leo mngekuwa mnasikiliza hadithi ya mtu mwingine. Lakini lile neno "zinawasumbua" lilinichoma, nikaona ananipima, nikanyoosha shingo nikasema, "Hapana, usijisumbue, robine mimi ninazijua. Na sisi tuko na robine nyumbani."

Nikaenda, nikafungua mlango kwa kiwiko, nikaingia, na kule ndani nikasimama kwanza. Vigae vinang'aa mpaka unajiona unavyoshangaa. Palikuwa na lavabo, yaani lile beseni la kunawia lililojengewa ukutani, na juu yake robine ambayo haina cha kuzungusha! Ina kishikio kimoja tu, kirefu, bapa, kimelala kama ulimi wa bata. Nikakisukuma kulia. Kimya. Kushoto, kimya. Nikakibinya chini, nikakinyanyua juu, nikakipiga kofi dogo la kukiamsha, wapi. Nikageukia lile karai kubwa la kulala mtu mzima. Hilo lilikuwa na vichwa viwili vya kuzungusha, kimoja kina alama nyekundu, kingine ya buluu, nikafurahi kuona ndugu zangu, nikavizungusha vyote viwili mpaka mwisho, na katikati yao palikuwa na kijiti kidogo kimesimama, sikujua kinafanya kazi gani, nikakivuta juu, kikabaki juu. Hakuna kitu. Mwisho nikaona mpira mweupe umening'inia kando ya choo, una kichwa chenye matundu na kitu cha kubinya kama cha bunduki, nikabinya, hakuna, na chini yake pana kikulabu cha kukishikilia kibaki kimebinywa, nikakifunga hicho kikulabu ili nipumzishe kidole.

Ndipo akili ikanijia kwamba maji yamekatika. Na nilipogeuka kutafuta kitambaa nikaona nyuma ya mlango ndoo imejaa maji pomoni, kata yake iko juu, na sabuni pembeni, imewekwa makusudi kwa ajili ya wageni. (Ndoo ile ningeiona kwanza, leo ningekuwa naitwa Mwajuma.) Nikanawa vizuri, mafuta yakatoka, nikawa mtu tena.

Sasa angalieni balaa linavyoanza na wema. Nilikuwa natoka, nikakumbuka robine. Robine isiyo na maji haikwambii kama iko wazi au imefungwa, na mimi nilishavuruga zote, sijui kulia ndiyo nini wala juu ndiyo nini. Ningeita mtu? Baada ya kusema ninazijua? Halafu nikajiambia, Mwajuma, unahangaika nini, wewe unafunga robine iliyokauka tangu lini? Wategee wenyeji wako, wakute maji, wajue wamepata ukwe wenye malezi. Kile kishikio cha lavabo nikakiinua juu kabisa kwa kubahatisha, nikachukua kizibo chenye mnyororo nikaziba tundu la lavabo, nikachukua kile cha mpira nikaziba lile karai kubwa, nikatazama kazi yangu, nikaridhika. Nikatoka na kurudishia mlango polepole.

Sebuleni kulikuwa kumetandikwa zulia moja la rangi ya krimu, laini, mguu unazama. Bibi yake Zuhura, kikongwe mwembamba mwenye macho ya kucheka na mdomo usiocheka, alikuwa amekaa kwenye godoro chini. Ukutani palikuwa na pazia zito la kijani lililofunika mlango wa kuelekea vyumba vya nyuma, na chini ya pazia zilionekana ncha za vidole vya miguu vilivyopakwa hina. Huyo ndiye Zuhura. Mwali siku hiyo hasemi, haonekani, hakohoi.

Nikaanza kuzungumza. Rama alisema nisiongee sana, lakini jamani, nilikuwa na mtoto wa kumsifia! Nikasema heshima yake, nikasema kazi yake, nikasema anavyoswali, nikasema hajawahi kumtukana mtu, na mambo yalikuwa yananyooka, hata Mama Zuhura alishaanza kutikisa kichwa kidogo, pale nje mtaa mzima ulipolipuka kwa kelele za watoto. "Maji imerudi! Maji imerudi!"

Mama Zuhura akapiga makofi. "Tangu jana hakuna hata tone moja, na leo, huyu mama ameingia tu, maji imerudi! Mugeni huyu iko na baraka!"

Hapo mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi akanyamaza. Mimi nikasema, "Sisi ndivyo tulivyo, dada yangu. Tukiingia mahali, neema inatufuata." Na bibi akasema amina, na mimi nikasikia kwa mbali maji yakiunguruma mwisho wa koridoo, nikajisemea moyoni, tayari, yanajaa, watashangaa wenyewe. Yaani nilikuwa na furaha! Nikaendelea. Nikafika kwenye kipande nilichokifanyia mazoezi kitandani, nikainua kidole. "Na jambo moja naweza kuliapia. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuingia nyumba ya watu akaharibu chochote."

Chausiku akanifinya ubavuni. Nikadhani ananipongeza. Akanifinya tena, mpaka machozi, nikafuata macho yake, nikaona kwenye mlango wa koridoo ulimi wa maji unaingia taratibu kabisa, hauna haraka, unatafuta zulia.

"Naomba ruhusa," nikasema, nikasimama. "Nakwenda kutawadha."

"Swala bado," akasema bibi.

"Napenda kuwahi, mama." Nikatoka kwa mwendo wa heshima mpaka nilipopita mlango, kisha nikapandisha dera nikakimbia. Nyuma yangu Chausiku alishaufunga mlango wa sebule, na baadaye nilikuja kujua kwamba alivua kitenge chake cha juu akakikunja akakisukuma kwa mguu chini ya mlango huku akimuuliza Mama Zuhura habari za watoto wake mmoja mmoja.

Nilipofungua bafu nilipigwa maji usoni kabla sijaona chochote. Ule mpira wa choo, niliouacha umebinywa, ulikuwa umechomoka ukutani na sasa unacheza sakafuni, unainua kichwa, unageuka, unarusha maji ukutani, darini, mlangoni, kwangu. Nikaurukia. Ukaniponyoka. Nikaukanyaga, ukanimwagia ndani ya dera kutoka chini (yale maji yalikuwa baridi ya kulaani), nikaukamata shingo kwa mikono miwili, nikatafuta kile kikulabu, kikafyatuka chenyewe, ukafa. Nikashukuru. Nikageukia karai kubwa, nikaliinamia nivifikie vile vichwa viwili, na kwa kuwa nilishavuta kile kijiti, maji hayakuwa yanatoka chini kama ya watu, yalikuwa yanatoka juu, kwenye duche, lile bomba la kuogea la juu, na yalinishukia kichwani yote. Mtandio ukanifunika macho. Nikazungusha kulia kwa kupapasa, chekundu, cha buluu, hivyo walau vilikuwa vya ukoo ninaoujua, vikafunga.

Ikabaki lavabo, imejaa inamwagika pande zote. Nikashika kile kishikio. Na mimi kufunga ninakokujua ni kumoja tu, kulia, kwa nguvu, meno umeyauma. Nikazungusha kulia. Kikafika mwisho, maji yanakuja vilevile. Nikasema kumbe unanijaribu, nikashika kwa mikono miwili, nikaweka goti kwenye ukingo, nikasema bismillahi, nikazungusha.

Ka!

Kishikio kikabaki mkononi mwangu, chote, kimeng'oka kizima kizima, kinang'aa, na robine bado inatoa maji kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikakirudisha mahali pake, kikaanguka. Nikakirudisha tena huku nikikisemesha kwa upole. Nikaziba mdomo wa robine kwa kiganja, maji yakapita kati ya vidole yakanipiga machoni. Mwisho nilikaa kwenye ukingo wa karai, nimelowa mpaka mifupa, nina chuma cha watu mkononi, na akilini nikamwona Rama akiuangalia ule mukeke kwenye sahani, nikalia. Nisiwadanganye, nililia kwa sauti, maana kwa maji yale hakuna ambaye angenisikia.

Nilipoinua uso, dirishani kulikuwa na macho. Dirisha dogo la vioo vya kulala, linatazama nyuma ya nyumba, na nyuma ya vile vioo macho mawili makubwa ya wanja yananitazama. Kisha kikapanda kidole kimoja chenye hina, kikasimama mbele ya midomo. Ninyamaze. Macho yakaondoka, nikasikia ndara zinakimbia uani, chuma kikalia mahali fulani nje, karibu na kontera, ile mita ya maji, na maji ya lavabo yakanywea, yakawa uzi, yakawa matone, yakaisha. Mwali ambaye hasemi wala haonekani alikuwa ametoka mlango wa nyuma akaenda kufunga maji ya nyumba nzima. Na alikuwa ameona kila kitu.

Sasa nini? Nilizibua vizibo, nikakamua mtandio, nikakamua dera nililolivaa, sehemu zinazokamulika. Kishikio kile ningekiacha pale, pengine ningepona, lakini nilifikiri, akija mtu akiona kimevunjika si atajua leo hii? Heri nikichukue, Rama ni fundi, atakirudisha kimyakimya kesho. Kilikuwa kinadondosha maji, na kwenye pochi yangu ya begani mlikuwa na simu na bangili ya dhahabu niliyoifunga kwa leso nyeupe. Nikachukua kitambaa cheupe cha mkono kilichotundikwa pale, nikakiviringisha kishikio vizuri, nikakitia pochini. Mniambie ninyi, mnaona ninapokwenda? Mimi sikuona.

Nikarudi sebuleni. Kila hatua viatu vinasema chwaa, chwaa. Nikaketi pale pale kwa Chausiku, ambaye hakunitazama, alitazama mbele tu kama mtu anayepigwa picha.

Bibi akanikagua kuanzia juu mpaka chini. "Mwanangu, hiyo ni udhu ya namna gani, inalowesha mpaka mugongo?"

"Nina wasiwasi, mama," nikasema. "Nisipotawadha vizuri naona kama haijafika."

"Hii imefika," akasema bibi.

Mama Zuhura alikuwa ananitazama, anatazama mlango, ananitazama tena, na nikajua akiinuka tu kwenda kule yameisha, kwa hiyo nikasema haraka haraka kwamba saa ya bangili imefika. Nikafumba macho, nikaanza dua ndefu kuliko zote nilizowahi kuomba (na niliiomba kwa dhati, hakuna mtu aliyewahi kumhitaji Mungu sebuleni kama mimi siku ile), na huku nimefumba macho nikaingiza mkono pochini, nikashika kitambaa cheupe chenye kitu kizito, nikakiweka kwa mikono miwili kwenye mapaja ya bibi. "Pokeeni, mama. Ni kidogo, lakini kimetoka moyoni."

Bibi akafungua pembe moja. Akaishia hapo.

"Kitambaa hii ninaijua," akasema. "Hii ni mimi niliishona."

Nikafumbua macho. Alishafungua pembe ya pili, na ya tatu, na kile kishikio cha robine kikatokeza, kinang'aa, kizuri, cha Dubai. Bibi akakiinua. Akakipima uzito kwa mkono. Akakijaribu kwenye kifundo cha mkono wake, taratibu, upande huu, upande huu, kama mtu anayetaka kwa haki kabisa kuelewa.

"Na hii bangili," akauliza, "inavaliwa wapi?"

Mama Zuhura alikuwa amefungua mdomo. Nilisikia Chausiku akimtaja Mungu. Niliona ndoa ya Rama imekaa mapajani pa yule bibi imevunjika kishikio, na nilitaka zulia linimeze, ila na lenyewe lilikuwa limeshalowa pembeni.

Na hapo pazia likacheka. Kilianza kidogo, puani, kama mtu anayezuia chafya, kikanyamaza, halafu kikaponyoka chote. Kicheko cha mwili mzima! Pazia lilikuwa linatikisika, vile vidole vya hina vinapiga sakafu, anajaribu kuvuta pumzi anashindwa, anaanza upya, mpaka kile chuma cha pazia kikatoka upande mmoja na kitambaa chote kikashuka, na Zuhura akaonekana amejishika tumbo, wanja umechuruzika mpaka kidevuni, ndara zake zimelowa. Chausiku naye akaanza. Halafu mimi, nisifiche, nikacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Bibi akainua mkono, tukanyamaza. "Mwali amecheka," akatangaza. "Amekubali."

"Mama!" Mama Zuhura akaruka. "Amecheka robine, hajacheka bwana! Hiyo si jibu!"

Bibi akageuka akamtazama, na safari hii hata macho yake hayakuwa yanacheka. "Siku yangu mimi, nililia nyuma ya pazia, wakasema, analia, amekubali. Hakuna mutu aliniuliza ninalia nini. Leo mutoto wangu anacheka, na wewe unataka kumuuliza anacheka nini?"

Mama Zuhura akakaa. Akatazama mikono yake, kisha akanyoosha mkono kwangu, nikampa leso yenye bangili ya kweli, na ni yeye mwenyewe aliyemvisha binti yake. Halafu akaenda kuliona bafu lake. Kelele alizotoa kule sitazisimulia, yule sasa ni mkwe wangu.

Rama alikwenda kesho yake kutengeneza robine, na akarudi keshokutwa kung'oa vigae viwili vilivyoinuka, na siku ya tatu alikwenda bila sababu yoyote ninayoijua, na Mama Zuhura akampa chai na sambusa na kumtazama usoni. Mimi aliponiona siku ile ya kwanza hakuniuliza nimeongea kiasi gani. Alisema tu, "Shangazi, nilikwambia kitu kingine pia." Nikamwambia, mwanangu, kama nisingegusa vitu vyao ungekuwa bado unageuza mukeke.

Wameoana, wana nyumba yao, na ndani kuna robine ambayo haishikwi kabisa, unapeleka mikono tu chini yake inatoa maji yenyewe, Rama aliinunua kwa kunikomesha, nina hakika. Siku moja nilimuuliza Zuhura kwa nini alinifichia siri pale dirishani. Akasema, "Shangazi, nilikuwa nyuma ya pazia ninatetemeka, ninajiuliza kwa watu hawa nitaishi vipi. Nikasikia mutu analia bafuni, nikazunguka kutazama, nikakuona umekaa pale na ile chuma mukononi. Nikasema, aa, kumbe na wao wanaogopa." Nikamshika mkono wenye bangili.

Sasa kiapo changu mkisikie wote, mkipeleke sokoni pia: sigusi robine ya mtu tena mpaka nimeuliza mbele ya mashahidi inafungukaje na inafungwaje, na robine ya mtu ikikauka, akose maji mwenyewe, simtegei. Kwa Zuhura hata kuuliza siulizi. Nikifika tu, kabla sijavua viatu, anakuja amekaza uso, midomo inamcheza, anasimama pembeni ya mlango wa bafu na kunyoosha mkono kwa heshima zote.

"Karibu, Shangazi. Ndoo yako ile pale."